Mapasa Kwenye Mstari Mmoja

Nianze na alama ya kijani, maana ndiyo iliyonizeesha. Ukishapakia faili kwenye ule mfumo wetu, skrini inazunguka kwanza, inakuonyesha duara linalojifukuza lenyewe, halafu inakutolea alama ya vema ya kijani na neno IMEFAULU. Imefaulu nini? Haisemi. Inaweza kuwa imemeza nusu ya watoto wa kliniki, itakuandikia imefaulu vilevile. Mimi nimelelewa kambini, baba yangu alikuwa polisi, na kule mtu akikuletea habari kwamba mambo yamefaulu, kwanza unamuuliza yamefaulu kwa nani.

Kazi yangu ni data. Kliniki yetu ni ndogo, iko ghorofa ya kwanza juu ya Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla hapa Kampala, na kutwa nzima wapagazi wanapigiana kelele chini ya dirisha langu. Tunatibu watoto wenye seli mundu. Ndiyo, ghorofa ya kwanza! Watoto ambao miguu inawauma mpaka wanalia, na sisi tumewawekea ngazi. Hilo nimelisema kwenye vikao mpaka nikachoka, nikaambiwa kodi ya chini haishikiki, nikanyamaza. Kusamehe sijasamehe.

Mfumo wenyewe tuliletewa na wafadhili. Siku ya mafunzo tulipewa chapati na fulana, tukaambiwa sasa mambo yamekuwa mepesi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nachukua jedwali la watoto wote, kila mtoto na mstari wake: majina, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi, dawa anayotumia. Nalipakia. Mfumo unalisawazisha na kompyuta ya mapokezi, na ya bohari ya dawa iliyo upande wa pili wa mji, ili sote watatu tuwe na orodha moja. Bohari inafunga dawa ya mwezi mzima, pakiti moja kwa kila mstari, na jina la mtoto juu yake. Jumanne bodaboda inaleta sanduku. Huna mstari, huna pakiti. Na kliniki haina akiba hata ya kapsuli moja ya kuazima, kwa sababu dawa zile ni za msaada na wafadhili hawataki kusikia habari za kabati.

Basi hapo ndipo aliponikuta Mama Mapasa.

Huyu mama alitoka Kongo, upande wa mashariki, akakimbia vita na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Kwao mapacha wanaitwa mapasa, na aliyewazaa haitwi tena jina lake. Alipofika Kampala, majirani zake Waganda pale Namuwongo wakambadilishia tu, wakamwita Nnalongo, maana na wao wana heshima hiyohiyo kwa mzaa mapacha. Anatembeza vitenge, ameviweka kichwani, mkono mmoja juu na mmoja umeshika mtoto. Luganda yake ni ya kuuzia tu. Ndiyo sababu tangu siku ya kwanza alipita madirisha yote akaja kwangu, aliponisikia nikimfokea mtu kwa Kiswahili.

Watoto ni wasichana, wa rika la shule ya msingi madarasa ya chini, gauni sawa, nywele sawa, hata kukohoa wanakohoa pamoja. Mmoja ana kovu dogo kwenye nyusi, aliangukia reli ya treni inayopita pale nyumbani kwao. Bila kovu lile hata mimi nawachanganya. Lakini kumchanganya mtu si kumfuta. Wote wawili wana seli mundu, na daktari aliamua waanze kapsuli za kila siku, zile zinazozuia maumivu makali yasiwavamie. Alimwambia mama kupitia mdomo wangu: kapsuli moja kila siku kwa kila mtoto, bila kuruka, na itachukua miezi kabla dawa haijashika. Mama akaitikia. Nikaandika mistari miwili kwenye jedwali, nikapakia, nikapata alama yangu ya kijani, nikaenda zangu nyumbani Lubaga kupika.

Jumanne sanduku likaja na pakiti moja. Ya yule wa kovu.

Nikafungua faili langu, mistari miwili iko pale. Nikafungua kilichobaki kwenye mfumo, nikakuta mmoja. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo huwezi kuyaona kama hukwenda kuyatafuta, imeandikwa: rekodi inayojirudia imeondolewa. Jamani! Mtoto mzima wa mtu, ana meno, ana kelele, anaimba ngazini, ameitwa rekodi inayojirudia.

Nikampigia bwana wa huduma kwa wateja. Yuko Nairobi, ana sauti nzito ya taratibu, ya mtu asiyewahi kukosa chakula cha mchana.

"Madam, nimeangalia," akasema. "Sinki, yaani kule kusawazisha, iko sawa kabisa. Ilikuwa tu na dupliketi moja, ikaitoa."

"Si dupliketi. Ni pacha."

"Naona. Lakini jina la ukoo ni moja, tarehe ya kuzaliwa ni moja, jinsia ni moja, simu ya mzazi ni moja. Kwa mfumo huyo ni mtu mmoja."

"Majina yao ya kwanza ni tofauti! Huyaoni?"

"Jina la kwanza mfumo hauangalii, madam. Watu huandika vile wanataka. Leo mtoto ana jina la kanisani, kesho la nyumbani. Tungekuwa na mtoto mmoja mara tatu."

Hapo, nisimnyime haki yake, alisema kweli. Nikamwuliza sasa nifanye nini. Akaniambia, kwa upole kabisa, si nibadilishe tu tarehe ya mmoja, nimsogeze siku moja mbele, kuna shida gani?

Shida! Tarehe inachapwa juu ya pakiti, na nesi wa dirisha la dawa anailinganisha na kitambulisho cha mkimbizi. Zikitofautiana, pakiti inarudi bohari. Mama wa watu ashikwe kwa udanganyifu kwa ajili ya tarehe niliyoitunga mimi nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka? Ng'o. Nikamwambia bwana wa Nairobi kwamba Kampala watoto hawazaliwi kwa kusogezwa. Akasema atafungua tiketi.

Mama Mapasa nilimweleza mwenyewe, dirishani. Nilimwambia imekuja moja, mashine imekosea, mwezi ujao zitakuja mbili. Kwao "wa" inakuwa "ba", na "ndiyo" inakuwa "njo", kwa hiyo akaniuliza:

"Mashini haioni kama ni babili?"

"Haioni, mama. Ni mashine."

Akaigeuzageuza ile pakiti, akaiweka ndani ya nguo kifuani, akawaita wanawe wakashuka ngazi. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika siku nzima, mpaka Matroni akaniambia, "Nyabo, wewe punguza moto, utapata presha." Matroni ni Muganda, mkuu wa wauguzi wetu, mtu wa sala na chai ya tangawizi. Ana subira ya kutosha watu kumi. Mimi niligawiwa ya mtoto wa polisi.

Mwezi uliofuata nilijiona mjanja. Nikachukua mstari wa pacha wa pili, yule asiye na kovu, nikafuta simu ya mama yake nikaweka ya kwangu. Sasa simu ni mbili, watoto ni wawili, haya, meza sasa! Nikapakia. Kijani. Nikaenda kutazama maandishi ya kijivu, hakuna kilichoondolewa. Nilicheka peke yangu ofisini. Nilimpigia mama simu nikamwambia mambo tayari.

Kumbe kusawazisha maana yake si mimi kuwaambia wengine tu. Na wengine wanakuambia wewe. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa bado ina simu ya mama kwa watoto wote wawili. Mfumo ukaamka Jumamosi, ukaona mapokezi wanasema hivi, data inasema vile, ukaamua mapokezi ndio wakweli kwa sababu wao wanaonana na mgonjwa ana kwa ana. Ukanirudishia simu ya mama. Ukawaona tena ni mmoja. Ukamfuta wa pili. Haya yote ukayafanya mimi nikiwa nimekaa nyumbani na mguu juu ya stuli. Jumanne, pakiti moja.

Nilikwenda mapokezi kuwaambia wabadilishe na wao. Wakaniambia simu ya mgonjwa hawawezi kuibadilisha bila mzazi kuja na laini mpya iliyosajiliwa kwa jina lake. Mkimbizi na laini ya pili! Moja yenyewe ameipata kwa kupanga foleni mpaka viatu vikaisha. Nikarudi kwenye kiti changu nikapiga meza, chai ya Matroni ikamwagika, nikaipangusa mwenyewe.

Nairobi wakasema tiketi yangu ipo, inashughulikiwa. Ripoti ya mwezi ikatoka, ikasema usawazishaji umefaulu asilimia mia. Ikabandikwa ukutani.

Sasa mimi, katika akili yangu, nilikuwa nahesabu hivi: mmoja anapata dawa, mwenzake hapati. Ni vibaya, lakini angalau mmoja yuko salama, na huyu wa pili tutamwahi. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba aliye hatarini ni yule asiye na kovu, na kila nilipomwona akipanda ngazi nilikuwa namkagua macho kama yameingia unjano.

Aliyeanguka ni yule wa kovu. Yule mwenye pakiti!

Walimleta asubuhi, mama amembeba mgongoni juu ya ile ngazi yetu, mtoto anapiga kelele za maumivu mpaka wapagazi wa Kikuubo chini wakanyamaza. Mifupa yote inauma, mgongo, mapaja, kifua. Matroni akamlaza kwenye kitanda chetu cha dharura, akamtundikia maji, wakampa dawa ya maumivu. Mwenzake akapanda kitandani bila kuulizwa, akalala pembeni yake na viatu vyake, na hakuna aliyemtoa.

Daktari akachukua damu ya wote wawili. Majibu yalipotoka akaniita nije kutafsiri, na uso wake haukunipendeza. Alisema dawa haijafanya kazi. Kwa nani, nikauliza. Akasema kwa wote. Huyu anayepata dawa damu yake ni ileile kama ya huyu asiyepata, na huyu asiyepata naye anaonekana kuna kitu kidogo anapata. Akanitaka nimuulize mama: anampa nani?

Nikamwuliza. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea miguu ya kitanda. Aliniangalia kama nimemtusi.

"Nampa nani namna gani?"

"Kapsuli, mama. Unampa yupi?"

"Bote. Leo huyu, kesho mwenzake. Leo huyu, kesho mwenzake." Akanyoosha kidole huku na huku kuwaonyesha. "Ungetaka nichague? Nimukate mumoja, mwingine anaangalia? Mapasa habachaguliwi, dada. Hata kule porini tulikimbia, sikuchagua."

Ee Mungu wangu. Na mimi nilijua! Hicho ndicho kilichoniuma. Si kwamba ni mila ya mbali ya watu wa Kongo. Kambini kwetu, baba Mwislamu, mama Mkatoliki, majirani kutoka kila pembe ya kaskazini, tulitofautiana kwa kila kitu isipokuwa hapo. Ukimpa pacha ndizi, unaitafuta nyingine kabla hujaondoka. Ukimsalimu mmoja, unamsalimu na wa pili hata kama amelala. Afande wa stoo, mtu mkorofi ajabu, alikuwa akigawa viatu vya shule anawapa mapacha wote au hawapi wote. Mama gani wa mapacha angefungua pakiti moja akampa mmoja? Ni mimi niliyekaa na kompyuta mpaka nikasahau.

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Mfumo umesema ni mtoto mmoja, bohari imefunga dawa ya mtoto mmoja, na mama ameigawa sawasawa mpaka kila mtoto akawa anapata nusu, na nusu haizuii kitu. Daktari alipoelewa aliketi kwenye ukingo wa dirisha. Nesi mmoja akasema kwa Luganda kwamba afadhali angempa mmoja tu, angalau. Sikumtafsiria mama maneno hayo. Nilimwambia nesi afunge mdomo wake, na sijajuta.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ilikuwa inakuja. Kama mstari wa pili usingekaa safari hii, kungekuwa na mwezi mwingine wa nusu nusu, na daktari alisema wazi mtoto huyu hana nguvu ya kubeba shambulio jingine kama hili. Aliyasema kwa sauti ya chini, na mimi nikaichukua simu yangu.

Bwana wa Nairobi akapokea. "Madam, habari ya Kampala? Tiketi yako bado..."

"Nyamaza kidogo," nikasema. "Washa kamera."

"Pole?"

"Washa kamera, baba. Nataka usalimiwe."

Nikaigeuza simu kuelekea kitandani. Yule wa kovu alikuwa ametulia, dawa ya maumivu imemshika, midomo imepauka. Mwenzake amekaa karibu anamshikilia mrija usipinde. Nikawaambia wamwamkie mjomba wa Nairobi.

"Shikamoo," wakasema kwa pamoja, mmoja kwa sauti, mmoja kwa pumzi tu.

Nikasikia feni ya ofisini kwake.

"Marahaba," akasema mwishowe, na ile sauti ya taratibu haikuwepo. "Kumbe ni... Hawa ndio? Mko wangapi hapo?"

"Tuko babili," akajibu asiye na kovu, kwa lugha ya mama yake, na akainua vidole asije mjomba akakosea.

Ninavyoijua dunia ya tiketi, nilitegemea aniambie mkuu wake yuko kikaoni. Hakusema hivyo. Alisema nimpe muda, nisikate simu, na nikawa namsikia anabonyeza na kupumua. Kisha akaniambia kuna kolamu moja imefichwa, ya nafasi ya mtoto katika uzazi, wa kwanza au wa pili. Iliwekwa tangu mwanzo, ikafichwa kwa kuwa hakuna aliyeitumia. Akiiwasha, mfumo utaiangalia pamoja na yale mengine, na mapacha hawatafanana tena. Lakini lazima ijazwe kwa kila mtoto, sio hawa tu. Ikibaki wazi hata kwa mmoja, faili zima linakataliwa.

"Kwa hiyo nikawaulize wazazi wote?"

"La, wengine wote weka moja. Na madam, pole sana. Mimi mwenyewe mwaka huu wote sijaona mtoto hata mmoja. Naona mistari."

Nilikuwa na tusi nimeliandaa tangu asubuhi, la kambini, zuri kabisa. Nikalimeza.

Nikainama kwa mama nikamwuliza nani alitoka kwanza. Akasema wa kovu. Halafu akanishika mkono: "Lakini usiandike kama ni mukubwa. Balikuja pamoja." Nikamhakikishia ni namba tu. Akaniangalia kwa mashaka, na alikuwa na haki, kwani namba tu ndizo zilizotufikisha hapo.

Ijumaa nikapakia. Likakataliwa. Kulikuwa na mtoto mmoja chini kabisa nimemsahau kumwekea moja yake. Nikajaza, nikapakia tena. Duara likajifukuza, kijani ikaja, sikuitazama, nikaenda moja kwa moja kwenye maandishi ya kijivu. Hakuna kilichoondolewa. Jumamosi sikupumzika, nilifungua kutoka nyumbani, nikafungua na Jumapili baada ya misa. Mistari miwili. Jumanne sanduku likafika, nikamnyang'anya mwenye bodaboda kabla hajavua helmeti, na pakiti mbili zilikuwa ndani, jina na jina.

Mama alipokuja kuzichukua nilimkabidhi mwenyewe, moja mkono huu, moja mkono huu. Mtoto wa kovu alikuwa ameshapata nafuu, anatembea. Mama aliangua kicheko, akanipa kipande cha kitenge cha bluu, nikakataa, akanitupia begani akaondoka. Mimi nikadhani mambo yameisha.

Kliniki yetu ina desturi: mwezi ukiisha, mzazi anarudi na pakiti ya zamani, nesi anahesabu zilizobaki ili ajue kama mtoto anakunywa. Mama Mapasa akarudi na zake, Matroni mwenyewe akazimwaga kwenye trei. Zikamwagika nyingi mno. Nusu ya pakiti hii imebaki, na nusu ya pakiti ile. Matroni wa subira ya watu kumi akapandisha sauti kwa Luganda mpaka nikasikia kutoka kwangu, nikaja mbio.

"Mwulize!" akaniambia. "Mwulize anataka nini tena! Mbili amepewa!"

Nikamwuliza. Mama alikuwa anaziokota kapsuli zake moja moja kutoka kwenye trei na kuzirudisha, hii pakiti hii, hii pakiti hii.

"Mashini yenu iko na njaa," akasema bila kuniangalia. "Ilikula mumoja. Ukaniambia mwezi unakuja itakuwa sawa, ikakula tena. Sasa imetapika. Kesho ikisikia njaa tena, mi nitatoa wapi? Najiwekea. Leo huyu, kesho mwenzake. Ikikula, niko na za kungojea."

Nimwambie nini? Kwamba mfumo umesema imefaulu? Mfumo ulisema hivyohivyo mara zote mbili ulipomla mwanawe. Nimwambie mimi nimehakikisha? Mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia mambo tayari. Tulikuwa tumeitengeneza kolamu, tumetengeneza faili, na huyu mama tulikuwa tumemwacha palepale alipokuwa.

Nikakaa sakafuni mbele yake. Nikamwambia nusu ni sawa na bure, daktari ameona kwenye damu. Akasema anajua, alikuwepo. Nikamwambia ikikosekana tena aje anishike mimi shati, anijie hata nyumbani Lubaga, nimwelekeze. Akazifunga pakiti zake zote mbili.

"Ile kitu unasukuma siku gani?"

"Ijumaa ya mwisho."

"Basi siku hiyo tutakuja. Utabaona na macho, njo usukume. Nikiona umebaona, mwezi huo nitabapa bote, kila siku."

Nilitaka kumwambia haifanyi kazi hivyo. Kwamba kuwaona au kutowaona hakubadilishi kitu ndani ya ile waya. Nikasema sawa.

Wanakuja tangu hapo. Wanapanda ngazi, wanasimama mbele ya dirisha langu, mama anawasogeza mbele kwa mabega. Ninapowauliza hamjambo, hawajibu hatujambo, wanasema tuko babili. Ninawaangalia, mmoja, mwenzake, ninabonyeza. Trei ya Matroni siku hizi haina kitu.

Ijumaa iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Namuwongo yote ilijaa maji, mfereji umepanda mpaka kwenye reli, na redio ilikuwa inaonya watu wakae majumbani. Baridi na kulowa ni adui wa watoto hawa, ndicho kitu cha kwanza tunachomfundisha mzazi. Nikasema leo hawaji, Mungu saidia wasije. Nikafungua faili. Mkono wangu ukawa juu ya kitufe, na sikubonyeza, nikajiambia ngoja ninywe chai kwanza.

Nikasikia ngazi. Mama alikuwa amelowa chapachapa, maji yanamtoka kwenye nywele, viatu ameshika mkononi. Watoto amewafunga kwa turubai lake la kufunikia vitenge, wote wawili ndani ya turubai moja, nyuso tu ndizo ziko nje. Vitenge vyenyewe hakuja navyo.

Nilichemka. "Mama, una wazimu? Na mvua hii? Unataka wakufie njiani? Mfumo umeshatengenezwa, mara ngapi nikuambie! Umetengenezwa!"

"Njo vile mulisemaka na ile wakati ilikula mumoja," akajibu, na akalifungua turubai.

Walikuwa wakavu. Gauni sawa, soksi sawa, zimekauka kabisa. Nikawauliza hamjambo.

"Tuko babili," wakasema.

Nikabonyeza. Duara likajifukuza, alama ya kijani ikaja. Niliigeuza skrini kumwonyesha, na mama hakuitazama hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.